Dawa ya Nyongeza: Kutoka Wodi ya Mvumi Hadi Foleni ya Malaba

Tarehe 18 Juni 2021 Rais Yoweri Museveni aliifunga Uganda kwa mara ya pili, safari hii kwa siku 42. Kirusi cha korona cha aina ya Delta kilikuwa kimeshaenea, wodi zimejaa, na oksijeni imekuwa adimu hata katika hospitali kubwa za Kampala. Huko mashariki, katika gombolola la Iyolwa wilayani Tororo, watu hulima muhogo, wimbi, karanga na viazi vitamu, na bidhaa zao huzipeleka Tororo mjini au mpakani, Busia na Malaba. Usafiri wa umma ulisimama huko kama ulivyosimama nchi nzima. Aliyeshikwa na homa na kikohozi alibaki na kituo cha afya cha karibu, kama angeweza kukifikia kwa miguu, na jiko la nyumbani kwake.

Jikoni ndiko wengi walikoanzia. Tangawizi ilipondwa, malimao yakakamuliwa, kitunguu saumu kikamenywa, majani yakachemshwa kwenye sufuria na mgonjwa akafunikwa blanketi ajifukize. Mwenye senti kidogo alinunua vitamini C na vidonge vya zinki dukani, dawa zilezile ambazo wahudumu wa afya nao walikuwa wakiwapa wagonjwa waliotibiwa majumbani. Kisha, mwishoni mwa mwezi huohuo, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliiruhusu Covidex, dawa ya matone iliyotokana na mimea na kubuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Ruhusa ilikuwa na mpaka wake: dawa hiyo itumike kusaidia tiba ya maambukizi ya virusi, na isitangazwe kuwa inaponya korona. Wiki chache kabla ya hapo, mamlaka hiyohiyo ilikuwa imewaonya wananchi wasiitumie.

Nimeandika historia hii kwa sababu swali lililowakabili watu wa Tororo mwezi ule si geni. Virusi vikishaingia kifuani, na hakuna dawa ya kuviua, je, kuna kitu cha kumwongezea mgonjwa kitakachompunguzia hatari ya kufa? Madaktari wamelihangaikia swali hilo kwa karibu miaka mia, na baadhi ya majibu bora kabisa yalipatikana hapa kwetu, kwenye wodi za watoto za Tanzania na Uganda. Inasikitisha kwamba majibu hayo yalipohitajiwa sana hayakuwa midomoni mwa watu.

Mwanzo wake uko London. Mwaka 1932 daktari Joseph Ellison alikuwa akitibu watoto wenye surua. Surua tunaijua kwa vipele, lakini ni ugonjwa wa njia ya hewa: kirusi huingia kwa pumzi, huenea kwa kikohozi, na mara nyingi huua kwa nimonia. Ellison aliwachukua watoto 600, akawagawa nusu kwa nusu. Mia tatu walipata matunzo ya kawaida ya hospitali. Mia tatu wengine waliongezewa dawa yenye vitamini A nyingi. Katika kundi la kwanza walikufa 26. Katika kundi la vitamini walikufa 11. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, na baada ya hapo karibu kila mtu aliyasahau. Dawa za salfa zilikuja miaka ileile, penisilini ikafuata, na katika nchi tajiri lishe ikaboreka hata surua ikapungua makali yake. Wagonjwa ambao jambo lile lingewafaa zaidi walikuwa mbali na London, na hakuna aliyewapelekea habari.

Miaka hamsini na mitano ilipita.

Mvumi iko Ugogo, mkoani Dodoma, katika nchi kavu ambako njaa ni jirani wa miaka yote. Hospitali yake ni ya Kanisa Anglikana. Katika miaka ya themanini alifanya kazi hapo daktari wa macho, Allen Foster, na kilichomsumbua ni watoto waliokuwa wakipofuka. Mtoto aliugua surua, akapona vipele, kisha kioo cha jicho kikapata kidonda na kupasuka. Foster na wenzake walipofuatilia chanzo cha vidonda vile walikuta mambo matatu yakishikana: surua yenyewe, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni na watu waliokuwa na nia njema kabisa.

Jicho lilikuwa dirisha tu. Vitamini A ndiyo inayoutunza utando laini unaofunika macho, koo, mirija ya mapafu na utumbo. Ikipungua, utando hukauka na kukakamaa, na vijidudu hupata mlango. Surua nayo huila akiba ya vitamini hiyo kwa kasi. Mtoto aliyeingia kwenye surua akiwa na akiba ndogo hutoka akiwa hana kitu, na hapo ndipo nimonia humkuta. Wakati huohuo daktari wa Marekani, Alfred Sommer, alikuwa ameshaonyesha huko Indonesia kwamba watoto wasioona vizuri usiku kwa sababu ya upungufu huo walikuwa wakifa kuliko wenzao, na kwamba kuwapa watoto wa vijijini vitamini A kulipunguza vifo kwa theluthi moja hivi. Wataalamu wengi walikataa kuamini. Kidonge cha senti chache kiokoe watoto wengi hivyo?

Mvumi ikawa mahali pa kupima. A. J. G. Barclay, Foster na Sommer waliwachukua watoto 180 waliolazwa kwa surua. Wote walipata tiba ya kawaida. Watoto 88, waliochaguliwa kwa kura, waliongezewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na kiasi kilekile siku ya pili. Walipopima damu mwanzoni waligundua kwamba zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walikuwa na vitamini A ya chini mno, ingawa wengi hawakuwa na dalili yoyote machoni. Waliokufa katika kundi lisilopewa nyongeza walikuwa 12 kati ya 92. Katika kundi lililopewa walikuwa 6. Tofauti hiyo peke yake ingeweza kuwa ya bahati, na waandishi walikiri hivyo. Lakini kwa watoto wenye umri wa chini ya miaka miwili mambo yalikuwa wazi zaidi: alikufa mmoja kati ya 46 waliopewa, na saba kati ya 42 ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, katika jarida lilelile lililomchapisha Ellison.

Kila ninaposoma takwimu za Mvumi nasimama kwenye wale saba. Walikuwa watoto wa Kigogo waliolala katika wodi moja na wenzao waliopona, wakipewa dawa zilezile na kuhudumiwa na wauguzi walewale. Ila hakuna aliyewadhulumu kwa kuwanyima, kwa maana siku ile hakuna aliyejua kwa hakika. Kujua kulipatikana kwao. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja: palipo na upungufu wa vitamini A na surua inaua, kila mtoto mgonjwa wa surua apewe vitamini hiyo. Mwaka 1990 utafiti wa Cape Town wa watoto 189 uliondoa shaka iliyobaki. Walikufa 12, na kumi kati yao walikuwa wa kundi lisilopata vitamini. Baadaye, tafiti zote zilipowekwa pamoja, ilionekana kwamba dozi mbili, siku mbili mfululizo, ndizo zinazopunguza vifo, na dozi moja haitoshi.

Urithi wa Mvumi umefika Iyolwa, na mama mwenye mtoto mdogo ameushika mkononi hata kama jina la Mvumi hajawahi kulisikia. Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, Uganda huadhimisha siku za afya ya mtoto, na ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, kampeni kama hiyo huitwa Malezi Bora. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge laini cha rangi ya buluu chenye yuniti 100,000. Wa mwaka mmoja hadi mitano hupewa chekundu chenye 200,000. Mhudumu hukata ncha kwa mkasi, anaminya matone mdomoni, mtoto anakunja uso, kazi imekwisha. Sambamba na hayo hutolewa dawa za minyoo na chanjo. Chanjo ya surua, bila shaka, imeokoa wengi kuliko kidonge. Kidonge ni cha yule ambaye chanjo haikumfikia, na cha yule ambaye mwili wake una pengo.

Pengo ndilo neno ninaloling'ang'ania, kwa sababu hadithi ingeishia Mvumi tungejidanganya. Watafiti wa Dar es Salaam, wakiongozwa na Wafaie Fawzi, waliuliza swali lililofuata: kama vitamini A inasaidia nimonia ya surua, je, itasaidia nimonia nyingine? Wakawapa vitamini hiyo watoto waliolazwa kwa nimonia ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 1998, na jibu lilikuwa hapana. Mtoto hakupona haraka zaidi wala ugonjwa haukupungua ukali. Wodi ilijaa watoto wa nchi ileile na wenye kikohozi kilekile, lakini kijidudu hakikuwa kile kinachoila akiba ya vitamini A, na nyongeza haikupata kazi ya kufanya. Hata hivyo, katika kundi hilo watoto wenye virusi vya UKIMWI waliopewa vitamini A walionekana kufa kidogo kuliko wenzao katika miezi iliyofuata.

Kisha zinki. Kampala, katika hospitali ya Mulago, timu ya madaktari wakiwemo Grace Ndeezi, Sarah Kiguli na James Tumwine iliwachukua watoto 352 wenye nimonia kali, wa miezi 6 hadi 59. Wote walipata antibiotiki. Nusu wakaongezewa zinki kwa siku saba, nusu wakapewa dawa tupu iliyofanana nayo, na si mzazi wala daktari aliyejua nani amepata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na yana jambo la ajabu. Zinki haikufupisha ugonjwa hata kidogo: pumzi, joto na oksijeni vilirudi sawa kwa wakati uleule katika makundi yote mawili. Lakini waliokufa katika kundi la dawa tupu walikuwa 21 kati ya 176, na katika kundi la zinki walikuwa 7. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye VVU. Miaka miwili baadaye utafiti mdogo wa Dar es Salaam ulijaribu tena zinki kwa watoto wenye nimonia, ukaona haiwapunguzii siku za kulazwa. Tafiti za nchi nyingine zimetoa majibu ya kugongana. Kwa hiyo zinki imebaki mahali pagumu: kwa kuhara kwa watoto imekubalika duniani kote, kwa nimonia inabishaniwa. Mimi naamini Mulago waliona jambo la kweli, na kwamba mtoto aliyekonda, mwenye VVU, ambaye chakula chake kikuu ni uji wa muhogo, hana mwili sawa na wa mtoto aliyeshiba. Hilo ni maoni yangu; wenye kupima waendelee kupima.

Hayo yote yalikuwa yameandikwa kabla ya korona kufika mpakani.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Uganda tarehe 21. Abiria walizuiwa, mizigo ikaruhusiwa kupita, maana Uganda haina bahari, na mafuta, dawa na ngano huja kwa barabara ya Mombasa. Hivyo Malaba na Busia zikawa mlango mkuu uliobaki wazi, na dereva wa lori akawa mtu wa kuogopwa. Aprili na Mei, wengi wa waliokutwa na virusi nchini Uganda walikuwa madereva waliopimwa mipakani. Majibu ya vipimo yalichelewa, na foleni ya malori upande wa Kenya ikanyooka kilomita kadha wa kadha kuelekea Bungoma. Wanaume walilala chini ya matela siku nyingi, wakipika kwenye majiko madogo kando ya barabara, wakinunua malimao na tangawizi kwa wanawake waliowapelekea. Mwezi Mei serikali ya Uganda iliamua kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya wagonjwa. Waliobaki kwenye foleni walijisikia wameondolewa kwenye hesabu ya binadamu, na sidhani kama walikosea. Usiku, njia za panya za Busia ziliendelea na kazi yake, kwa kuwa ukoo mmoja una mashamba pande zote mbili na mpaka haujawahi kuzuia msiba wala harusi.

Kila serikali ilitafuta cha kuwapa watu. Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagascar alizindua Covid-Organics, kinywaji cha mmea wa artemisia, na mwezi uliofuata Tanzania ikatuma ndege kukichukua, waziri wa mambo ya nje Palamagamba Kabudi akiwa ndani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Tanzania nayo ikatengeneza dawa yake ya mitishamba, NIMRCAF. Kujifukiza kukahimizwa hadharani na viongozi. Sitaki kuwadharau waliofanya hivyo. Nchi tajiri nazo zilikuwa zikimeza vitamini C na D kwa ndoo, zikitegemea sifa ambayo mkemia Linus Pauling aliipa vitamini C tangu kitabu chake cha mwaka 1970, wakati tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba anayeimeza kila siku hufupishiwa mafua kidogo tu, kama asilimia 8 kwa mtu mzima, na anayeianza akiwa ameshaugua hapati faida ya kuaminika.

Tofauti iliyoniuma iko kwingine: wengine walipima. Februari 2021 huko Marekani yalitolewa matokeo ya wagonjwa 214 wa korona waliotibiwa nyumbani, waliopewa zinki nyingi, au vitamini C nyingi, au vyote, au tiba ya kawaida tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hakuna kundi lililopona mapema kuliko jingine. Baadaye vitamini C ya sindano ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya elfu mbili waliolazwa katika nchi kadhaa, na mwaka 2023 ikaonekana haisaidii. Kwa upande mwingine Uingereza ilipima deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayopatikana hata katika hospitali ya wilaya, na Juni 2020 ikajulikana kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wanaopumua kwa mashine. Jaribio hilo lilichukua miezi michache. Lilifuata utaratibu uleule wa Mvumi: wagonjwa wengi, kura, kundi la kulinganisha, hesabu ya waliokufa.

Covidex ilistahili kupimwa hivyo kabla haijafika madukani. Ogwang ni mtaalamu wa dawa aliyetumia miaka mingi kuchunguza mimea ya Uganda, na mimea ya Uganda inastahili heshima hiyo; hata kwinini, iliyotokana na gome la mti, ilitibu malaria duniani kabla ya maabara kujua namna yake. Wagonjwa walikuwepo Juni 2021, kwa maelfu, na hofu ilikuwepo, na fedha za mifukoni mwa watu zilikuwepo, maana chupa zilinunuliwa haraka hata bei ikapanda. Kilichokosekana ni kundi la pili, lile lisilopewa. Bila hilo, kila aliyepona alikuwa shahidi wa dawa, na wengi wangepona vyovyote. Aliyekufa hakuhojiwa. NDA, iliyokuwa katikati ya umma wenye hofu na wanasiasa wenye haraka, iliandika kwenye ruhusa yake maneno ya tahadhari ambayo muuzaji wa soko la Busia hakuwa na sababu ya kuyarudia kwa mteja.

Sasa nirudi kwenye chakula, kwa sababu mkoa huu wa mpakani una habari nyingine ambayo haikupigiwa ngoma. Viazi vitamu vyetu vya asili ni vyeupe au vya manjano hafifu, na vitamini A ndani yake ni kidogo sana. Mwaka 2004 Uganda ilitoa kwa wakulima aina mbili zenye nyama ya rangi ya chungwa, Ejumula na Kakamega, na 2007 zikafuata nyingine zilizozalishwa na Robert Mwanga na wenzake katika kituo cha utafiti cha Namulonge, mojawapo ikiitwa Vita na nyingine Kabode. Rangi hiyo ndiyo malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwanga, Mganda, alipata tuzo ya World Food Prize mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis.

Katika kaunti za Busia na Bungoma, upande wa Kenya, Kituo cha Kimataifa cha Viazi kiliunganisha kazi hiyo na kliniki za wajawazito, kupitia mradi ulioitwa Mama SASHA. Mama aliyekuja kupimwa mimba alielezwa kuhusu lishe, kisha akapewa vocha. Vocha aliipeleka kwa mkulima wa jirani aliyekuzwa kuwa mzalishaji wa mbegu, akapewa vipando vya viazi vya rangi ya chungwa, akavipanda karibu na nyumba. Viazi huvunwa baada ya miezi minne au mitano, mtoto bado tumboni au ameanza kunyonya. Anapofika miezi sita na kuanza kula, viazi vilivyopondwa huwa tayari, wakati ambapo surua na nimonia za utotoni huanza kumtafuta.

Vipando havijui mpaka. Mkulima wa Busia akikata mashina yake mwanzoni mwa mvua, humpa shemeji yake wa Tororo mzigo wa kupanda bila kuomba hati ya forodha, na aina iliyotolewa Namulonge huota Bungoma, na iliyotoka Kakamega huota Budama, huko Tororo. Tatizo ni ukame wa Desemba hadi Februari, ambapo mashina hukauka na mbegu hupotea, hivyo waliofundishwa hutenga kipande kidogo karibu na maji ya kuogea au ukingoni mwa kinamasi ili mashina machache yaishi hadi mvua za Machi.